Nguo Mpya, Pilau na Safari ya Moshi: Presha ya Krismasi ya Dar Ilianzia Wapi?

Ukitaka kujua Krismasi imekaribia Dar, achana na kalenda. Panda daladala ya Kariakoo kwenda Mbagala jioni ya Desemba 22 au 23. Konda ananing'inia mlangoni, abiria wamebanana, na kila mmoja kakumbatia mfuko. Humo kuna viatu vya mtoto, gauni lenye marinda, kilo mbili za mchele, iliki na pilipili manga zimefungwa kwenye karatasi. Hakuna anayecheka. Kila mtu anapiga hesabu kichwani.

Sasa chukua familia moja ya huko Mbagala. Jina la nini, kila mtaa unayo ya aina hiyo. Baba anaendesha bajaji ya mtu, mama anauza chapati na supu asubuhi, watoto watatu, wanaishi chumba na sebule. Kwao Rombo, mkoani Kilimanjaro. Wana maswali matatu: watoto watavaa nini, siku yenyewe watakula nini, na je, mwaka huu wanapanda basi kwenda nyumbani au hawapandi? Pesa iliyopo inatosha jambo moja na nusu. Januari nayo inakuja na madaftari yake, viatu vya shule, na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo. Hapo ndipo mama anamkumbuka yule jamaa wa mkopo wa kausha damu, anayetoa pesa ndani ya dakika kumi halafu anakuja kubeba friji na televisheni.

Watu wengi wanasema presha hii imeletwa na Instagram. Ni kweli nusu. Simu imeongeza moto, lakini kuni zilipangwa zamani sana, na kila ukuni una historia yake.

Tuanzie Zanzibar, maana huko ndiko pwani yetu ilikojua Krismasi kwa uzito wake. Juni 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la mjini Unguja kwa shinikizo la Waingereza. Desemba 25 mwaka huo huo, pale pale sokoni, Waanglikana wa misheni ya UMCA wakaweka jiwe la msingi la kanisa. Kanisa hilo bado lipo Mkunazini na watalii wanalipiga picha kila siku. Miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa misheni ile walikuwemo watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengine wakiwa watoto wasiojua hata kabila lao. Fikiria Krismasi yao. Hawakuwa na kwao kwa kwenda kuhesabiwa, wala shangazi wa kuuliza mbona hamkuja. Sikukuu yao ilikuwa ibada, chakula cha pamoja na nyimbo za Kiswahili, maana Askofu Edward Steere alikuwa kishaanza kutafsiri maandiko na nyimbo katika lugha ya watu wa pale.

Upande wa huku Dar, Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika 1888 na kujenga misheni Pugu. Ndiyo, Pugu hii hii ya juu ya Gongo la Mboto. Wakasali Krismasi moja tu. Januari 1889, wakati wa vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri, misheni ikashambuliwa na kuchomwa, wamisionari watatu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Watu wa pwani hawakuona tofauti kubwa kati ya mzungu mwenye msalaba na mzungu mwenye bunduki, na ukiangalia walivyokuja pamoja, unaelewa kwa nini. Baadaye mji ukawa makao makuu ya koloni, 1891, na yale makanisa mawili makubwa ya kule mbele ya bandari, la Kilutheri la Azania na la Kikatoliki la Mtakatifu Yosefu, yakajengwa kuelekea mwanzo wa karne ya 20. Wajerumani wakaja na mti uliopambwa na wimbo wa Silent Night, ambao uliimbwa mara ya kwanza kwenye kijiji kimoja cha Austria mwaka 1818, kwa gitaa.

Mti wenyewe hapa haukupata shida. Kuna ule mti wenye maua mekundu kama moto unaochanua Dar mwezi Desemba, asili yake Madagaska. Watu wanauita mkrismasi. Unachanua bure kando ya barabara, hauhitaji kuchomekwa kwenye umeme. Sijui nani aliamua ule wa plastiki wenye theluji ya pamba unafaa zaidi kwenye joto la nyuzi 32? Swali hilo waulizwe wauza duka.

Tena watu wasidhani Wakristo wote duniani wamekuwa wakiishangilia siku hii. Boston, Marekani, mwaka 1659, Wapuritani walitunga sheria kwamba atakayekutwa anasherehekea Krismasi apigwe faini ya shilingi 5. Shilingi tano! Kwa Dar hiyo ndiyo ile sarafu iliyoitwa dala, ndiyo nauli iliyozaa jina la daladala. Sheria ile ilifutwa 1681. Na mpaka leo wapo, kama Mashahidi wa Yehova, ambao Desemba 25 kwao ni siku kama nyingine. Kwa hiyo namna ya kuisherehekea imekuwa ikibadilika siku zote, na aliyeibadilisha huku kwetu zaidi ya wote ni nyumba ya kupanga.

Hapa inabidi twende taratibu.

Dar ilizaliwa kama mji wa pwani, mji wa Waislamu wengi, na sikukuu yake kubwa ilikuwa Idd. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipanga vitongoji vya Waafrika: Magomeni, Temeke, Kinondoni. Watu kutoka bara wakamiminika, wengine Wakristo, makarani, walimu, manesi, wafanyakazi wa reli na bandari. Walifikia kwenye nyumba ya Kiswahili. Kwa asiyeijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani kwa wote, jiko kwa wote, choo kwa wote, baraza mbele. Chumba kimoja Mzaramo, cha pili Mnyamwezi, cha tatu Mchaga, cha nne Mngoni.

Kwenye nyumba ya namna hiyo hakuna siri. Ukikaanga kitunguu, vyumba sita vinajua. Usipokaanga, vinajua vilevile. Mtoto wa chumba cha kwanza alivaa kanzu mpya siku ya Idd, akazunguka nyumba kwa nyumba akipewa sikukuu yake, sarafu mkononi. Mtoto wa chumba cha tatu aliona. Je, Desemba mama yake angemtoa barazani na kaptula ya zamani? Thubutu.

Nguo mpya na pilau havikutoka kanisani, mdau. Misheni haikuandika popote kwamba Mkristo ale pilau Desemba 25. Pilau ni chakula cha pwani, cha Idd, cha harusi na maulidi, na viungo vyake vilifika kwa majahazi. Mchaga akiwa kwao sikukuu yake ni nyama ya mbuzi au ng'ombe, ndizi na mbege. Mhaya ana senene na ndizi zake. Alipofika Dar, Mkristo wa bara aliazima sikukuu ya jirani yake Mwislamu, akaibandika kwenye Krismasi. Na ni jambo zuri tu, maana sahani za pilau zilikuwa zinakwenda na kurudi ukumbini. Ulikula kwake Idd, akala kwako Krismasi. Lakini ndani ya zuri hilo likaingia deni: ukipokea sahani, lazima ujue itarudije. Sahani ya jirani hairudi tupu.

Presha ya kwanza ya Krismasi ya Dar ni hiyo. Si tamaa, ni heshima. Mama hataki mwanawe aonekane yatima barazani.

Halafu ikaja miaka ambayo hata mwenye pesa hakupata cha kununua. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979, uchumi ukakwama. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni za duka la kaya, sukari kwa kipimo, sabuni kwa kipimo, jina lako kwa balozi wa nyumba kumi. Wanakumbuka unga wa njano ulioletwa kama msaada, watu wakauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi. 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakitupa bidhaa usiku wasikutwe nazo. Mama wa Temeke aliyetaka kilo mbili za mchele wa Krismasi alianza kuzitafuta mapema, kidogo kidogo, na kuzificha chini ya kitanda kama dhahabu. Kitambaa cha nguo za watoto kikipatikana, kilikuwa kimoja tu, jora moja kwa mtaa mzima. Ndiyo maana kwenye picha za zamani unaona ndugu wanne wamevaa sale, na mapazia ya nyuma yao kitambaa hicho hicho.

Wazee wengi wanapoisifia "Krismasi ya zamani, ya amani, bila makuu", mara nyingi wanasifia miaka hiyo. Ukweli ni kwamba haikuwa rahisi hata kidogo. Ilikuwa na usawa tu. Hakuna aliyekuwa na gauni la kumringishia mwenzie, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Watu wakahama kutoka kwenye kutazamana wakaingia kanisani, kwenye kwaya, kwenye mkesha, maana ndiko kulikuwa na kitu cha kufanya. Ukikumbuka hilo, utajua kwamba kinachowatesa watu leo si umaskini peke yake. Ni umaskini unaotazamwa.

1984 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, 1985 akaingia Mzee Ruksa, na mitumba ikajaa. Mwanzoni watu waliiita kafa Ulaya, kwamba mwenye nguo amekufa huko. Jina halikuzuia mtu. Manzese na Karume zikawa ndiyo maduka ya Krismasi, na kwa mara ya kwanza mtoto wa Tandika aliweza kuvaa kama wa Oysterbay, ukijua kuchambua. Fundi cherehani naye akabaki na umuhimu wake na maneno yake: njoo kesho, njoo jioni, bado vifungo. Watoto wangapi wa Dar wamelala Desemba 24 huku mama bado amekaa kwa fundi? 1994 Tanzania Bara ikapata vituo vya televisheni, na kwenye kioo akatokea yule mzee wa ndevu nyeupe. 2006 ikafunguliwa Mlimani City, na siku hizi kwenye maduka ya aina hiyo Desemba unamkuta kijana wa watu kavaa koti jekundu na ndevu za pamba, jasho linamtiririka, watoto wa Kimara wanapiga naye picha.

Hapo vyote viwili, nguo na chakula, vikapata wapinzani wa mbali. Zamani ulishindana na chumba cha pili. Sasa unashindana na mtu wa kwenye tangazo.

Bado safari. Na hili ndilo linalozigonganisha ndoa nyingi.

Kila Desemba utani ni ule ule: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Mjini panapungua, foleni ya Morogoro Road inageuka kuelekea nje. Utani wenyewe umetoka kwenye Biblia, Luka sura ya 2, Kaisari Augusto alipoamuru watu wote waandikwe, kila mtu mjini kwao, na Yusufu akapanda Bethlehemu na Mariamu mjamzito. Ukiisoma tena kwa macho ya mtu aliyewahi kulala stendi, utaona Krismasi ya kwanza kabisa ilikuwa na amri ya serikali, safari ndefu, mama mjamzito, na nyumba za wageni zimejaa. Hakuna kitu kwenye habari ile kilichokwenda kwa mpango.

Lakini Wachaga hawaendi kwa sababu ya utani. Kule mlimani mtu ana kihamba, shamba la migomba na kahawa alilorithi baba kutoka kwa babu, na makaburi yao yamo humo humo. Ukristo ulifika Kilimanjaro kwa nguvu miaka ya 1890, Wakatoliki Kilema, Walutheri wa Leipzig wakafuata 1893. Wamisionari wakahubiri kuzaliwa kwa Yesu. Watu wakaipokea sikukuu na kuiweka juu ya kitu walichokuwa nacho tayari, yaani ukoo kukutana kihambani. Mwisho wa mwaka likizo za shule na za kazi zinalingana, kahawa ya msimu imekwisha kuchumwa, na chama chao cha ushirika, KNCU, kilichoanza 1933, kilikuwa kimeshawazoesha watu kuwa na pesa taslimu. Hapo harusi zinafungwa, watoto wanabatizwa, mipaka ya shamba inasuluhishwa, mgonjwa anajulikana hali yake. Asiyekuwepo anaamuliwa mambo yake akiwa hayupo. Huo ndio ukweli wa "kuhesabiwa", na ndiyo maana dereva wa bajaji wa Mbagala anakosa usingizi: akikosa miaka mitatu mfululizo, kuna mtu ataanza kupanda migomba kwenye upande wake.

Reli nayo ina mkono wake. Ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini Dar ilikuwa haijaungana nayo hadi 1963 ilipojengwa njia ya kutoka Ruvu kwenda Mnyusi. Kwa miaka ile treni ilikuwa mkombozi, watu na mizigo na kuku. Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikafa, mabasi yakabaki na uwanja peke yao. Kuanzia hapo Desemba ikawa mwezi wa nauli kupaa, tiketi za ulanguzi na watu kulala Ubungo. Kila mwaka mamlaka, leo LATRA, hutoa onyo kwa wanaopandisha nauli. Desemba 2019 treni ya Moshi ikarudi baada ya zaidi ya miaka 20. 2021 stendi ikahamia Mbezi kwenye Kituo cha Magufuli, na 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri usiku. Nafuu ipo, ila piga hesabu ya watu watano kwenda na kurudi, zaidi ya kilomita 500 kila upande, halafu ufike mikono mitupu? Haiwezekani. Kuna sukari ya bibi, kanga ya mama mkubwa, na shuka la baba mdogo asiyekupenda.

Turudi kwa familia yetu na hesabu zao. Kwenye mitaa ya Mbagala, Chanika, Tegeta na Bunju, familia za aina yao zimeshabuni njia, tena nyingi kimya kimya, bila semina.

Nyama kwanza. Kuna vikundi vya ng'ombe. Watu ishirini, thelathini wa mtaa mmoja au jumuiya moja, kila wiki mtu anatoa 2,000. Kuanzia Januari mpaka Desemba, kwa wiki 48, hiyo ni 96,000, na hakuna aliyesikia maumivu. Ng'ombe ananunuliwa mnadani Pugu mapema, Krismasi alfajiri anachinjwa, na majirani Waislamu wakiwemo kikundini anaitwa mchinjaji wao ili kila mtu ale kwa amani. Wenye vikoba wanavunja Desemba, lakini waliokwisha kuumwa na Januari wameweka sharti: nusu ya mgao haitoki mpaka shule zifunguliwe. Sharti hilo, ukilisikia mara ya kwanza, unalichukia. Tarehe 5 Januari unalipenda.

Nguo, wapo wanaonunua Juni au Julai, Kariakoo ikiwa inahema. Wengine wameamua nguo ya Krismasi iwe ndiyo sare mpya na viatu vya shule. Watoto wananuna siku moja. Kuna mama wa Yombo anafanya hivi: viatu vya shule vinavaliwa kwanza kanisani Desemba 25, vinapigwa picha, halafu vinafungiwa kabatini mpaka shule.

Safari ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu inahusu wakwe. Wanaofanikiwa ni wale wanaosema mapema. Ukisema Oktoba kwamba mwaka huu hamji, mtakuja Pasaka au Juni, wazee wananung'unika na maisha yanaendelea. Ukisema Desemba 23, huo ni ugomvi wa ukoo. Tangu M-Pesa ianze nchini 2008, pesa ya sukari ya bibi inafika bila basi, na kaka mmoja anaweza kwenda kwa niaba ya wote na kukaa kikao cha kihamba huku wengine wakisikiliza kwa simu. Kuna ndugu sita wanapokezana, kila Desemba wanakwenda wawili. Mwanamke mmoja aliyeolewa kwenye ukoo wa hivyo alisema ndoa yake ilipata pumzi siku zamu ilipoandikwa kwenye karatasi.

Na yule baba wa bajaji? Mwaka huu si zamu yao. Atafanya kazi mkesha, abiria wa kanisani ni wengi usiku huo, kisha atasali misa ya asubuhi na wanawe. Mama hakwenda kwa kausha damu. Kilo ya mchele imepungua, nyama ya kikundi ipo, na sahani moja tayari ina jina la mpangaji wa chumba cha mbele, mzee wa Kizaramo.

Mzee huyo anakumbuka Krismasi za 1998, 1999 na 2000. Zote tatu ziliangukia ndani ya Ramadhani. Mama wa Kikristo wa nyumba aliyokuwa akiishi wakati ule, Temeke, alipika mchana kama kawaida, akaziweka sahani za majirani pembeni, zimefunikwa kwa kawa, mpaka adhana ya magharibi. Watoto wake walikatazwa kula barazani. Adhana ilipolia sahani zikapita ukumbini, na watu wakafuturu kwa pilau la Krismasi. Kwa hesabu ya mwezi, miaka ya namna hiyo inarudi kuanzia karibu na 2030.